Sanduku Nyuma ya Gôli

Katika Mangobo yote, mtaa wetu wa Kisangani, hakuna mwanamke anayejua mpira kama mimi. Nimeingia stade mara mbili: mara ya kwanza kuuza kalanga, mara ya pili kukimbia mvua. Mpaka leo sielewi kwa nini mtu wa gôli anashika mpira kwa mikono, mchana, mbele ya watu wote, na hakuna anayemfokea.

Lakini matanga ninayajua. Na matanga ya Amuri, mtoto wa jirani yangu Berthe, yalikuwa ya mpira tupu. Jina hilo la Berthe, kwa kuwa ni la Kizungu, serikali ilikuwa imelikataza, tulipaswa kumwita kwa jina la babu zake. Lakini mtu akifiwa unamwita kwa lile linalomfikia upesi.

Amuri alikuwa na miaka kumi na tisa. Ndiye aliyeanzisha nyimbo za wasapota wa timu ya Mamba, zile za kuwatukana wapinzani, ambazo padri akizisikia anafunga dirisha, polepole, baada ya ubeti wa tatu. Homa ilimshika Jumapili, na Ijumaa asubuhi akafia hospitali, usingizini. Saa nne uani kwa Berthe palikuwa pamejaa ngoma na filimbi. Hata wapinzani wao, watu wa Radi, walikuja. Ndiyo desturi: mtukanaji wako mkuu akifa, unakwenda kumtukana mara ya mwisho mbele ya sanduku la maiti, kisha unalia. Asumani, mkubwa wa wasapota wa Radi, akainama juu ya maiti.

« Amuri, we mubaya! Mwaka muzima uliita mama yangu bata. Sasa nani atamuita bata? Eh? Nani? »

Akalia mpaka kamasi zikamfika kidevuni. Kwetu heshima iko vile.

Berthe alitaka jambo moja tu: amzike mwanawe siku hiyohiyo, kabla ya jioni. Friji ya maiti ya hospitali ilikuwa imekufa kabla ya maiti wenyewe, na jua la Kisangani halina adabu.

Bon. Ndipo akaingia Tonton Kasongo, mjomba wa kila mtu, tumbo mbele, yeye nyuma. Alikuwa rais wa wasapota wa Mamba, ila kwenye barua za Chama tawala alijiandika « mratibu », maana rais nchini alikuwa mmoja.

« Ba-mama, ba-papa, » akasema, « Amuri hazikwi leo. Anazikwa Jumapili, match ikiisha. Sanduku tutaliweka nyuma ya gôli ya Radi. »

« Ya nini? » Asumani akaruka.

« Ya heshima. »

« Heshima gani? Ni dawa hiyo! Unataka maiti ikufungie gôli! »

Kila mtu alielewa. Mamba walikuwa wamepigwa mechi nne mfululizo, na kuku wa kumpelekea mganga walikuwa wamekwisha.

Berthe akasema: « Tonton, mpaka Jumapili mutoto wangu atakuwa munene kukupita. »

Watu wakacheka. Naye Berthe akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kasongo akatoa kitambaa, akafuta macho makavu. « Mama Berthe, haiko mimi. Ni yeye. Jana saa tisa nilienda kumuona. Wewe ulikuwa umeenda nyumbani kupika. Akanishika mukono: "Tonton, musinizike kabla ya Mamba kufunga gôli. Na unisalimie mama. Umuambie ninamupenda." »

Kweli, saa ile Berthe alikuwa jikoni kwake, na mtoto aliondoka bila kumwachia neno. Nilimwona anavyolipokea hilo, kama mtu mwenye njaa.

« Aliniita mama? »

« Mama. Mara mbili. »

« Alors… kama ni yeye alisema… tungoje Jumapili. »

Nilifikiri kunyamaza. Uongo mzuri si wa kutupa ovyo, na huu ulimfaa mfiwa kuliko pole zetu zote. Lakini nikatazama sanduku, nikaona inzi wa kwanza ametua.

« Kasongo, ulikuta nani anamulinda mugonjwa? »

« Hakuna mutu. Alikuwa peke yake, maskini. »

« Na wewe ulisimama wapi? »

« Karibu ya kitanda kabisa. Upande wa kichwa. »

Wanawake wakaanza kuguna. Kila aliyewahi kuuguza anajua: kitanda ni cha mgonjwa, na sakafu iliyo chini ya kitanda ni ya ndugu anayemlinda, na mkeka wake.

« Berthe alipoenda kupika, » nikasema, « niliingia mimi chini ya kitanda. Toka saa sita mpaka saa kumi na mbili. Sura ya mutu sikuona, niliona miguu tu. Niliona ya infirmière aliyemuletea mugonjwa dawa. Niliona ya padri. Niliona hata ya huyu Asumani, soksi imetoboka. »

Asumani akaficha miguu yake chini ya benchi.

« Yako, Tonton, sikuiona. »

Kasongo akatazama viatu vyake kana kwamba ndivyo vilivyomchongea.

« Pengine, » akasema, « ilikuwa juzi. »

Berthe akasimama, akafunga kitenge chake vizuri.

« Juzi, » akasema, « chini ya kitanda nilikuwa mimi. »