Cherehani Yenye Maua ya Plastiki

Muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara, ambaye ukimwambia anyamaze ndipo anapopata sauti, anadai mke wa seremala alifika mbele ya kituo Jumanne, gauni kalikunja kwapani, akakitazama kibao, akageuka. Jumatano akarudi, kumbe mumewe yuko nyuma. Mume akakisoma kibao kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza: Kimbilio la Wanawake Wanaopigwa. Akacheka. "Kumbe ndiko kwa fundi wako!" Leo mkono wa yule mama una plasta, na seremala anasema kateleza bafuni.

"Bafu lao lina utelezi kila mwisho wa wiki," muuza mkaa akamalizia.

Pini, msichana wa usafi pale kituoni, alisikiliza, ufagio mkononi.

Zamani pale palikuwa na chumba kimoja na cherehani moja, ya shangazi yake. Wanaume waliwaleta wake zao wenyewe, wakakaa benchi la nje, maana mwanamume gani ataingia nyuma ya pazia wanawake wakipimwa? Shangazi alipima. Pini, pini zake mdomoni, aliandika daftarini: kiuno thelathini na mbili, bega la kushoto jeusi tangu Jumapili. Gauni halikuisha upesi. Lilijaribiwa mara tatu, mara nne, mpaka mwenyewe awe tayari. Siku hiyo alitorokea mlango wa uani, na mume huko nje anahimiza, "Fundi, bado tu?"

"Bado upindo, shemeji!"

Wafadhili wakasikia. Zikaja kompyuta, akaja mkurugenzi ambaye viatu vyake husikika kabla yake. Shangazi akafa rangi ya ukuta haijakauka. Cherehani ikawekwa mapokezi, juu yake maua ya plastiki. Pini, kwa kuwa aliishia darasa la saba, akapewa ufagio na birika. Kisha kikapigwa kibao cha bluu, kipana kuliko mlango. Tangu hapo wageni hawakukosekana, ila wa kupiga picha.

Pini akaegemeza ufagio, akabisha hodi ofisini.

"Mama, naomba tukishushe kile kibao. Nami nirudishiwe cherehani, nipokee nguo."

"Mwanangu, hiki ni kituo, siyo kwa fundi. Bila kibao watu watatujuaje?"

"Si ndiyo hayo, Mama? Waume zao wanatujua."

"Umechongoka kama jina lako," mkurugenzi akacheka. "Haya, niletee chai."

Birika halijachemka, mke wa seremala akaingia mapokezi, gauni limening'inia kwenye mkono mzima. Mumewe alibaki getini, anapiga mluzi.

"Nimemwapia humu kuna fundi," mwanamke akanong'ona. "Kanileta ahakikishe. Dada, nipime."

Pini akayatupa maua sakafuni, akafungua droo. Haikuwa na sindano wala uzi. Mlikuwa na kadi za wafadhili. Utepe wa kupimia aliutoa mfukoni mwake mwenyewe. Hakuwahi kuuacha nyumbani.

Viatu vikasikika, mkurugenzi akatokea.

"Eti mama mkubwa!" seremala akapaza sauti kutoka getini. "Humo mnashona?"

Mkurugenzi akamtazama seremala, akayatazama maua yake.

"Mama," Pini akasema taratibu, utepe tayari kiunoni mwa yule mwanamke, "mwambie tunashona."