Baba Mkwe Kwenye Usukani

Mfamasia alimdharau baba mkwe wake kwa adabu zote. Alimwamkia huku ameinamisha kichwa, alimfungulia mlango wa gari, alimwita "baba" kila baada ya maneno mawili, na moyoni alimwona bure kabisa. Miaka mingi dharau hiyo ilikaa kimya, haimsumbui mtu. Ilikuja kuvimba mzee alipostaafu kwenye kampuni ya bima na kujinunulia yoti, mashua ya matanga ya starehe.

Yoti yenyewe ilikuwa ya mitumba, ndogo, rangi imebabuka ubavuni. Lakini siku ya kwanza mzee alitokea gatini amevaa kofia nyeupe yenye nanga ya dhahabu, akatembea na mikono nyuma kama anakagua gwaride. Mafundi wa pale wakampachika jina la Admirali. Yeye akadhani wanamheshimu.

Bandari haikuruhusu mtu atoke na chombo bila leseni ya unahodha, kwa hiyo Admirali akajiandikisha mtihani. Mke wa mfamasia akamfuata mumewe sebuleni.

"Na wewe kajiandikishe. Siwezi kumwacha baba afe peke yake majini."

"Kwa hiyo afe na mimi?"

"Utamzuia. Wewe si una akili?"

Sifa hiyo ilimwingia mfamasia vizuri. Akakubali.

Basi kila jioni, vyombo vikishaondolewa, wakwe hao wawili walikaa mezani na vitabu vyao. Mzee alisoma kwa kuchezesha midomo. Alipigia mistari kila alichokiona cha maana, na kwake kila kitu kilikuwa cha maana, mpaka kurasa zikawa nyekundu tupu. Mfamasia alisoma mara moja, akafunga kitabu, akakaa kumsubiri kama mtu anayesubiri foleni ya benki.

"Nikuulize tu, baba. Usiku unaona taa nyeupe juu ya taa nyekundu. Chombo gani?"

"Mvuvi."

"Rubani wa bandari, baba."

"Si ndicho nilichosema?"

"Ndiyo, baba."

Kisha alikwenda jikoni kumwigizia mkewe, midomo ikicheza, kidole kikifuata mstari. Mkewe alicheka, halafu akajilaumu kwa kucheka, halafu akamfukuza.

Kwenye mafunzo ya majini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mzee alipiga kelele. "Vuta! Legeza! Siyo hiyo, ile!" Siku moja alileta yoti gatini kwa kasi, akaligonga kwa kishindo mpaka mwalimu akajimwagia chai kifuani. "Gati limekaa vibaya," akasema Admirali. Mfamasia aliangalia pembeni. Alikuwa anamwonea mkewe huruma kwa kuzaliwa na mtu yule.

Mtihani wa maandishi ulipokuja, mfamasia alipata karibu yote. Mzee aliponea chupuchupu, akajipongeza kwa kumpigia simu kila anayemjua. Ukabaki wa vitendo.

Asubuhi ya mtihani kamba za milingoti zilikuwa zinapiga kelele kwa upepo gati zima. Mtahini alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye koti la mvua lililofungwa mpaka kidevuni. Akawaeleza utaratibu.

"Mtapokezana. Mmoja akiwa nahodha, mwenzake ni baharia wake na anamtii. Mzee, anza wewe. Taarifa ya hali ya hewa hiyo hapo. Chombo ni chako."

Admirali alisoma taarifa ile kwa kuchezesha midomo. Akatazama bendera juu ya ofisi ya bandari, akatazama maji nje ya mlango wa ghuba, ambako povu jeupe lilikuwa limeanza kujikunja. Akaenda mpaka mbele ya yoti, akarudi. Mfamasia alikuwa ameshashika kamba ya nyuma, anasubiri amri.

"Hatutoki," mzee akasema.

"Baba, huu mbona upepo wa kawaida?"

"Kwa wengine. Mimi sijafikia huko. Naogopa."

Mfamasia alihisi uso unamwaka. Mtu mzima, amevaa kofia ya nanga, anasimama mbele ya mtahini na kusema anaogopa! Aibu ile aliiona kama imemwagika juu ya familia nzima, na yeye ndiye aliyeachiwa kuifuta. Akamgeukia mtahini na tabasamu lile lile analowapa wateja wasumbufu dukani.

"Mzee kachoka kidogo. Tutatoka tu, usijali."

Akafungua kamba.

Upepo haukungoja. Uliisukuma yoti upande wa nyuma, ubavu ukaenda kuukwangua ubavu wa chombo cha jirani kwa sauti ya kutia meno ganzi. Mfamasia alivuta kamba, ikamteleza, ikamchoma kiganja. Alingoja kelele za mzee. Hazikuja.

"Funga," mzee akasema taratibu, huku akishuka gatini na kuishika kamba ya nyuma pamoja naye. "Zungusha kwenye nguzo kwanza. Ndiyo hivyo. Funga."

Walipomaliza, mtahini akauliza, "Nani nahodha hapa?"

"Yeye," mfamasia akajibu.

"Alisema nini?"

"Hatutoki."

"Na wewe mkono wako ulikuwa unafanya nini?"

Mfamasia alikifumba kiganja kilichoungua. Mtahini akasema sasa ni zamu yake ya unahodha. Je, yeye angetoka? Hapo angeweza kujiokoa. Lakini mzee alikuwa amesimama pale, kofia imelowa manyunyu ya bahari, na kukubaliana naye kulimshinda.

"Ningetoka."

"Baharia wako amekwambia anaogopa."

"Atazoea."

Mtahini akaandika, akafunga kalamu. "Ufundi unao. Ila watu siwezi kukukabidhi. Jiandikishe tena msimu ujao. Mzee, upepo ukitulia kesho, uje tumalizie."

Mke wa mfamasia aliwafuata na gari. "Haya, vipi?"

"Upepo," mzee akasema kutoka kiti cha nyuma. "Leo hakuna aliyetoka."

Mfamasia alisubiri mzee aongeze: majigambo, mzaha, chochote cha kumrudishia haki ya kumdharau. Hakuna. Mzee alikuwa anamsitiri, na kusitiriwa na mtu kama yule kulimuuma kuliko kiganja.

"Nimefeli," akasema mwenyewe.

"Wewe?" Mkewe alikaribia kupita taa nyekundu.

"Mimi. Baba anamalizia kesho."

Kesho yake mzee akamaliza, akafaulu, na kwa wiki nzima hakukalika naye. Alimweleza kila mgeni namna ya kusoma upepo, na nusu ya maelezo yalikuwa uongo mtupu. Mfamasia aliyasikiliza yote, akitafuna shavu lake kwa ndani. Bado alimwona mzee mjinga. Ila sasa, kila alipotaka kumwigiza jikoni, mkewe alimkatiza:

"Na wewe umesoma leo?"