Hakukuwa na Kiazi Kooni

Nilipofika kwa Mama Aguti, kitu cha kwanza kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa swali: "Mama, kuna mbwa amemuuma huyu ng'ombe?" Niliuliza kabla hata sijaweka mkoba chini, kwa sababu ndivyo Daktari Emukule alivyonifundisha tangu nilipotumwa na chuo kufanya mafunzo kwake pale Chakol. Ng'ombe akitokwa na mate ovyo, uliza mbwa kwanza. Na Mama Aguti, mtu mzima, alinitazama machoni akasema, "Mbwa? Hapa? Hapana, binti yangu. Amekwamwa na kiazi."

Kwa hivyo mtu asije akaniambia eti Truphena alikurupuka. Walimu wananisema mengi, kwamba nina hasira, kwamba nitamaliza masomo ya mifugo nikiwa nimegombana na kila mwenye mifugo Teso yote. Sawa. Lakini kazi naifanya kwa utaratibu, na niliuliza.

Kiazi chenyewe hakikuwa uongo wa kushangaza. Tulikuwa msimu wa viazi vitamu, na huku Adungosi vile vidogo visivyouzika hutupiwa ng'ombe. Ng'ombe mlafi humeza kimoja kizimakizima, kikasimama kooni. Nilishawahi kukitoa kwa mkono wangu huu, Daktari akiwa kando ananiambia pole pole, usiogope, na siku hiyo nilirudi nyumbani nikitembea kama aliyeshinda kura. Sasa huyu mtamba wa Mama Aguti alikuwa amenyoosha shingo, mate yanaburuta hadi chini, anajaribu kumeza hawezi. Mtu yeyote angesema ni kiazi. Kwenye mguu wa nyuma kulikuwa na kidonda kilichopakwa oili chafu ya pikipiki. "Seng'enge hiyo," Mama akasema, nami sijauliza.

Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa imeketi mbele ya nyumba kwenye viti vya plastiki. Wakwe walikuwa wamekuja kutoka upande wa Bumala. Mwanawe Sydney alikuwa amekaa na binti yao Nasimiyu miaka, watoto wapo, mahari bado, na siku hiyo ndiyo walikuja kumchukua ng'ombe. Ng'ombe ndiye huyu. Na mnajua wakwe. Ng'ombe wa mahari hukaguliwa macho, meno, chuchu, mpaka ncha ya mkia. Wakimkataa, aibu inabaki kwa mwenye boma, na watu watalisimulia jambo hilo hata msibani. Msemaji wao, Mzee Oduori, alikuwa ameshaanza kunyoosha shingo kuelekea zizini.

"Kitoe haraka," Mama aliniambia kwa sauti ya chini. "Wasione."

Sydney alimfunga mtamba kwenye nguzo akashika kamba, kichwa chini, hakunisalimia hata. Nilivaa glavu ndefu, nikabana kipande cha mti katikati ya magego, nikaingiza mkono. Nikapapasa. Nikaingiza zaidi, hadi karibu na kiwiko. Hakuna kitu. Na koo lenyewe lilinitisha, kwa sababu ng'ombe ukimwekea mkono kooni anaukaba, anapambana nao. Hili lilikuwa limelegea tu, na ulimi umelala. Kile kipande cha mti kikateleza, magego yakanikwaruza, glavu ikachanika.

Hapo ndipo akalia. Yawa! Mimi nimezaliwa katikati ya ng'ombe lakini sauti ile sijawahi kuisikia. Ilikuwa kavu, inakwaruza, kama ya mtu aliyelia matangani mpaka sauti ikamkauka. Nilichomoa mkono, nikatoka zizini, nikampigia Daktari, ambaye asubuhi hiyo alikuwa Busia.

"Daktari, hakuna kiazi."

"Analia vipi?"

Nikaelekeza simu zizini. Mtamba akalia tena.

"Truphena, umeingiza mkono?"

"Nimeingiza."

"Glavu?"

"Imechanika."

"Kuna damu?"

Nikatazama. Kulikuwa na mistari miwili mirefu chini ya kiwiko, na damu yangu imechanganyika na mate yake. "Ipo," nikasema.

"Osha. Sabuni na maji ya kumwagika, osha mpaka uchoke, kisha osha tena. Halafu ukachomwe chanjo leo. Leo, unanisikia? Wasimchinje huyo ng'ombe, wasimguse, nakuja kummaliza mwenyewe."

Kichaa cha mbwa tulisoma kipindi kimoja tu chuoni, kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu alisema chanjo ikiwahi, mtu hupona kabisa. Dalili zikianza, mgonjwa huogopa hata maji, na hakuna dawa, hakuna hospitali, hakuna tajiri. Tuliandika tukaenda kula maharagwe. Sasa nilikuwa nimechuchumaa kando ya mtungi wa Mama Aguti nasugua mkono kwa sabuni ya mche, nasugua, machozi yananitoka, na kichwani nilikuwa namwona mama yangu akiniletea maji kwenye kikombe nami nayakimbia.

Nikamwuliza Mama Aguti tena, safari hii kwa kelele. "Mama, mbwa!"

"Nimekwambia hakuna."

Mzee Oduori alikuwa ameshafika. "Mbwa gani?" akauliza.

"Hakuna mbwa, mkwe," Mama akamjibu kwa upole kabisa. "Huyu ni mwanafunzi. Bado anajifunza."

Wallahi nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nilimshika mkono nikamwambia atakuja na mimi hospitali, aseme mbele ya daktari wa watu kama ng'ombe wake aliumwa au hakuumwa. Akajifunga leso, akapanda bodaboda nyuma yangu. Mzee Oduori naye akaita ya kwake. Alisema hawezi kurudi Bumala bila kujua ng'ombe wa watu amefanywa nini.

Zahanati ya kwanza hawana. Tuliambiwa twende hospitali. Hospitali nako imeisha, labda kesho italetwa. Labda! Nilimwambia yule karani labda si dawa, akanionyesha mlango. Nilipiga simu kila mahali Daktari aliponielekeza, hadi kwa jamaa wa ng'ambo ya Uganda, na kote ni pole dada, jaribu kwingine. Jua lilikuwa limeshapinda tulipopata habari kwamba kuna kituo kimoja cha afya Malaba ambacho huenda kimebaki nayo. Tukapita kando ya foleni ya malori, mimi nimekumbatia mkono wangu kama mtoto wa mtu mwingine niliyeachiwa nimshike.

Nesi aliyetupokea anaitwa Zulaika, mwanamke mtaratibu, sauti ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Imebaki moja," akasema. "Nimeiweka kwa aliyeumwa na mbwa. Wewe umeumwa na mbwa?"

"Nimeingiza mkono kwenye kinywa cha ng'ombe mwenye kichaa."

"Nani amempima?"

"Daktari wangu amemsikia kwenye simu."

"Kwenye simu." Hakunicheka, na hilo liliniumiza zaidi. "Dada, nikikupa hii, halafu jioni niletewe mtoto ameraruliwa uso na mbwa, nimwambie nini mama yake? Nionyeshe mbwa. Nani alimwona mbwa?"

Nilipiga magoti. Sijali nani anasoma hii. Mimi ambaye sijawahi kumwomba mtu msamaha nilipiga magoti kwenye saruji nikamshika yule nesi gauni, nikamwambia sijafika hata miaka ishirini na mbili, nikamwambia mimi ndiye wa kwanza kwetu kupita darasa la nane, maneno ya aibu tu. Akawa ananiinua, nami siinuki. Kisha nikageuka na magoti yaleyale nikamkabili Mama Aguti, aliyekuwa kwenye benchi, Mzee Oduori pembeni yake.

"Mama, sema. Sitakushtaki. Sitakutukana. Sema tu kama mbwa alikuwepo."

Akatazama sakafu. Feni ilikuwa inazunguka. Mzee Oduori akakohoa kidogo, akasema, "Kama kuna mbwa, mkwe, ni heri utuambie."

Mama Aguti akazidi kukaza leso kiunoni. Nilijua nitakufa kwa sababu ya adabu za wakwe.

"Mbwa alikuwa wetu," akasema.

Hakulia. Alisema mbwa wao alibadilika, akawa anauma hata mawe, akamrukia mtamba mguu wa nyuma. Sydney akamuua kwa jembe wakamzika nyuma ya choo. Mama mwenyewe ndiye aliyempaka mtamba oili. "Ng'ombe mwingine sina. Nikasema akae vizuri siku hiyo moja tu. Wamchukue, aondoke na baraka, kama ni kufa akafie mbele."

"Akafie kwetu," Mzee Oduori akasema. Aliinuka taratibu. "Tungemchinja sisi. Watoto wetu wangekula." Akavaa kofia yake. "Basi, Nasimiyu nitaondoka naye leo." Akatoka, na Mama Aguti hakumwita.

Dada Zulaika alifungua friji. Alitoa kichupa kidogo, kidogo kuliko kidole, na nilipokiona nikaanza kusema asante. Aliniketisha kwenye kiti. Akauliza, kama kazi yake inavyomtaka, "Kuna mwingine aliyemshika kinywani?"

"Ni mimi tu," nikasema.

"Na mimi," akasema Mama Aguti.

Akaja mezani akaweka mikono yake miwili pale, viganja juu. Vidole vilikuwa vimechanwachanwa na kisu cha kumenyea mihogo, na juu ya hayo kulikuwa na mikwaruzo mirefu kama yangu, mingi, mingine imeshaanza kukauka.

"Toka juzi," akasema. "Kabla sijamwita huyu. Asubuhi natafuta, jioni natafuta. Nilitaka sana kiwe kiazi."

Dada Zulaika alivitazama vile vidole, akakitazama kichupa. "Nyingine inakuja kesho," akasema. "Wakileta."

"Wakileta," Mama akarudia. Kisha akaniangalia, mara ya kwanza tangu asubuhi kwa macho ambayo hayakuwa yanaficha kitu. "Mchome huyu mtoto. Mimi nilimdanganya."

Hasira yangu nilikuwa nimeibeba kutoka Adungosi, nikaitafuta pale nikaikosa. Ilibaki hofu tupu. Na kichwa kilikuwa kinafanya kazi vizuri, hilo ndilo baya. Nililijua jibu kama niko kwenye chumba cha mtihani: aliyetangulia kuguswa na mwenye majeraha mengi ndiye anayeanza. Dada Zulaika hakulijua, au alilijua akaniachia mimi. Alisimama na sindano tayari, ananingojea niseme.

Nikakunja mkono wa blauzi hadi begani.