Fundi wa Saa Nane

Usaili wa kwanza walimpima maandishi. Wa pili walimpima sauti. Wa tatu, Mama Mapacha aliambiwa, ni wa vitendo: atavaa hedifoni, apokee simu tano za wateja wenye hasira, na atakayewatuliza haraka kuliko wenzake ndiye mwenye kazi. Nafasi ilikuwa moja. Wao walikuwa watatu.

Aliitaka kazi ile mpaka meno yakamuuma. Huo ulikuwa mwezi wa nne analala sebuleni kwa mdogo wake, yeye na mapacha wake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shemeji yake alishavuka jembe, sasa alimtazama kama anayetafuta kiroba cha kumfungashia.

Kampuni iliuza majokofu. Kijana wa miwani ndiye aliyetangulia, na kila mteja alimpa jibu lile lile: "Tutalifuatilia, tutakujulisha." Simu moja ilimla dakika kumi na tano, akatoka nayo ametukanwa yeye na ukoo wake.

Mama Mapacha akapata somo. Hawa wanaopiga simu ni waigizaji tu, alijiambia. Mwigizaji humpi jokofu, unampa maneno.

Simu yake ya tatu ilikuwa ya mama mtu mzima, sauti inatetemeka. Jokofu jipya limezima tangu jana. Ndani mna dawa za sindano za mumewe, mgonjwa wa sukari, na dawa hizo hazitaki joto.

"Mama yangu, ondoa shaka," alisema Mama Mapacha, kwa sauti ya kulaza mtoto. "Fundi atakuwa mlangoni kwako leo saa nane kamili."

"Saa nane kweli, mwanangu?"

"Saa nane. Ikipita, niite mwongo."

Dakika mbili na nusu. Yule mama alimwombea dua, akakata. Msimamizi, mwanamke mwembamba mwenye kalamu sikioni, aliichomoa kalamu akachora alama kubwa ya vema.

Saa sita na nusu Mama Mapacha aliitwa ofisini. Amepata. Alitaka kupiga vigelegele, akaishia kuchekacheka. "Ila yule aliyeigiza mama wa dawa, mpeni zawadi. Nusura nilie."

"Aliyeigiza?" Msimamizi aliacha kuandika. "Waigizaji tuwalipe kwa hela gani? Wale ni wateja. Wahudumu wawili wameacha kazi wiki hii, simu zingepokelewa na nani?"

"Basi fundi..."

"Tunao wawili. Foleni ni wiki tatu."

"Na saa nane?"

"Saa nane umeitoa wewe. Na ndiyo iliyokupa kazi. Saini hapa."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake ilikuwa na urefu wa saa moja na nusu. Alisaini kwanza, maana asiye mfanyakazi hapigi simu za kampuni, kisha akampigia yule mama, msimamizi akisikiliza.

"Ni wewe, mwanangu!" Mama alichangamka. "Namsubiri fundi wako. Jirani alitaka aziweke dawa kwake, nikamwambia asihangaike, nimeahidiwa. Huyo anafunga mlango, anaenda kazini."

Msimamizi alitikisa kichwa, kidole mdomoni.

"Mkimbilie," alisema Mama Mapacha. "Sasa hivi, mama. Fundi hayupo. Nilikudanganya."

"Mshenzi mkubwa wewe! Unacheza na roho ya mume wangu?" Kikasikika kiti kinaanguka, na sauti ikipasuka, "Jirani! Jirani!" Simu ikakatika.

"Mteja amekata kwa hasira," alisema msimamizi. "Umekuwa mfanyakazi wetu kwa dakika ngapi, kumi na moja?" Akauchana mkataba taratibu, kama mtu anayechana risiti. "Niitie kijana wa miwani."

Nyumbani, shemeji aliuona uso wake, akaongeza sauti ya redio. Mdogo wake alimvutia jikoni, akasikiliza kisa chote mikono kiunoni.

"Na jirani alimpata?"

"Sijui."

"Hata hujui! Dada, si ungemdanganya tu, angalau mpaka mwisho wa mwezi?"

Mama Mapacha alichukua kisu akaanza kumenya viazi. Njia nzima alikuwa amejiuliza swali hilo hilo, na mara mbili alijikuta anajibu ndiyo.