Barua ya Uteuzi Iliyovuja Maji

Barua ya rais ya uteuzi ililetwa kwenye karakana ya sare ikiwa ndani ya beseni la plastiki, kwa sababu ilikuwa inavuja. Aliyeibeba ni karani mkuu wa kambi, mtu mnene aliyekuwa na mazoea ya kuomba radhi hata kwa yasiyomhusu. Aliliweka beseni juu ya meza ya kukatia vitambaa, akasema barua inahitaji pasi, na pasi za maana kambi nzima ziko kwa mafundi tu.

"Imenyeshewa njiani?" fundi mkuu aliuliza. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi.

"Hapana, mama. Inatoa maji yenyewe tangu ilipotiwa saini. Samahani sana."

"Iache hapo. Kunywa chai kwanza."

Fundi aliikung'uta, akaitandaza, akaipiga pasi kama anavyopiga kola. Ikakauka. Kisha maji yakaanza tena kutoka chini ya saini, polepole, ya rangi ya tope, yakisukuma vipande vya matete. Saini yenyewe haikuchujuka hata kidogo.

"Wino wa ikulu huo," alisema fundi wa vifungo, mwenzake wa siku nyingi ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Ungekuwa wa kalamu zetu ungeshakimbia."

Fundi mkuu aliisoma barua ili ajue vyeo vya kushona. Wa kwanza kuteuliwa alikuwa kanali wa kambi hiyohiyo, ambaye sasa angekuwa brigedia kwa uongozi wake uliotukuka. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

Kanali huyo ndiye aliyewaamuru askari wavuke mto uliofurika ili wawahi kujipanga ng'ambo, mgeni mkubwa apigwe nao picha. Hawakufika ng'ambo wala hawakurudi. Kwa kuwa amri ilitolewa kwa mdomo, ikasemwa haikutolewa, na waliovuka wakaandikwa watoro. Mmoja wao alikuwa kifunguamimba wa fundi. Jina lake lilikuwa kwenye ubao wa watoro pale getini, na mama yake alilipita kila asubuhi akienda kazini. Alichotaka ni jina hilo liondolewe, basi. Mwili alishakata tamaa nao.

Kufikia mchana ndoo ya usafi ilikuwa imejaa. Ndipo kikatokeza kifungo chini ya saini, halafu kola, halafu bega. Fundi alilivuta shati taratibu asije akaichana barua, akalikamua, akaigeuza kola. Kwa ndani palikuwa na kiraka cha shuka la kitoto, rangi ya samawati. Mwanawe alikuwa na shingo ya kuwasha tangu mdogo, na kitambaa cha jeshi ni kigumu.

"Ni la mwanangu."

"Ni lake," alisema fundi wa vifungo. "Mshono wako naujua hata gizani. Pole, dada."

Fundi alilia akiwa amesimama. Alipomaliza aliikunja barua ndani ya taulo, akalichukua na shati, akaenda kwa kanali.

Kanali alimpokea vizuri. Alilitazama shati mbele na nyuma, akakigusa kiraka kwa kidole.

"Shati ni lake," alisema. "Hilo sikubishii, mama."

"Basi alikuwa mtoni, afande. Hakutoroka. Mtoeni ubaoni."

Kanali alifikiri. Maji ya barua yalikuwa yameshafika kwenye zulia, akainua miguu.

"Tusifanye haraka. Keshokutwa nitavalishwa cheo na barua hii itasomwa mbele ya wageni. Nishonee mfuko wa turubai, wa kuiweka mezani isilowanishe watu. Usivuje hata tone. Ukiushona vizuri, suala la ubao nitaliangalia mwenyewe."

Karani, aliyekuwa mlangoni, alilichukua shati kwa mikono miwili, akaomba radhi.

Fundi alikata turubai, akaupaka uzi nta. Aliitia barua ndani, akaanza kushona kwa mkono, mshono wa kurudia. Alipofika kona ya mwisho alisita. Angeweza kuacha tundu dogo. Pengine vingefuata suruali na mkanda, na nyuma ya mkanda mwanawe mwenyewe.

Hapo ndipo turubai lilipotuna. Kitu kilisukuma kutoka ndani, kikatulia, kikasukuma tena, kama mwanawe alivyokuwa akisukuma tumboni zamani, kabla hajazaliwa. Fundi aliweka kiganja. Aliujua uzito ule.

"Subiri kidogo, baba," alimwambia. "Tulitoe jina kwanza."

Akaifunga kona, akakata uzi kwa meno.

Sherehe ilikwenda vizuri. Barua ilisomwa kwa kutazama nakala, na yenyewe ikakaa mezani ndani ya mfuko wake. Zulia lilibaki kavu. Wageni wawili watatu waliona turubai likitikisika, wakahamisha glasi zao. Brigedia mpya alipopita karibu na mafundi alisifu kazi, akasema mikono kama ile imebaki michache. Kisha mfuko ukapelekwa kwenye kabati la chuma pamoja na barua nyingine za aina hiyo, na karani akafunga kwa ufunguo.

Jioni fundi alipita getini. Brigedia alikuwa ameliangalia suala la ubao, kama alivyoahidi. Jina la mwanawe lilikuwa palepale, na mbele yake karani alikuwa ameongeza kwa mwandiko wake mzuri: *amerudisha shati, bado suruali, mkanda na buti.*

Fundi alisimama hapo hadi mlinzi akamwomba asogee, kuna gari linatoka. Alisogea. Tangu siku hiyo alijutia jambo moja, naye alilisema wazi kwa yeyote aliyemuuliza: kwamba miaka yote ile ya kazi hakujifunza kushona vibaya.