Shokapu za Kuzungusha

Mdogo wangu alichuchumaa kando ya tairi la mbele, akapenyeza vidole vinne kati ya tairi na bodi, akamtazama fundi kama mgonjwa anayeonyesha kidonda.

"Nafasi yote hii, fundi. Paka anapita."

"Apite," nikasema. "Paka hana nyonga ya chuma."

Mwenye nyonga ya chuma ni mama, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la gereji, fimbo mapajani. Alifanyiwa upasuaji miezi miwili iliyopita, na mtaalamu wa mazoezi alinikazia jambo moja kuliko yote: asikae mahali ambapo nyonga inashuka chini ya magoti. Kitanda chake tumekiinua kwa matofali. Gari ni lake pia. Mdogo wangu huenda nalo kazini, nami humpeleka mama mazoezini Jumatatu na Alhamisi. Sasa huyu bwana, miaka ishirini na sita na ndevu zake, alitaka kulishusha.

Fundi akaweka vyuma viwili mezani.

"Njia ni mbili. Hizi springi fupi. Gari linashuka sentimita tatu, basi, limeshuka mpaka siku ya kuuzwa. Halikusumbui, hulisumbui. Hizi nyingine ni shokapu za kuzungusha. Unaiona hii pete? Ukiizungusha huku gari linashuka, huku linapanda. Unaweza kulilaza kabisa. Ila kila ukitaka kubadilisha, upige jeki, uvue tairi, ukamate spana, pembe zote nne. Ukimaliza, magurudumu yapimwe upya, la sivyo tairi zitalika kwa ndani."

"Na kuliacha lilivyo?"

"Hiyo siiuzi, dada."

Mdogo wangu alishaikumbatia ile ya pete. "Hizi ndizo hasa kwa ajili ya mama. Siku zangu nakuwa chini. Jumapili na Jumatano jioni naliinua, kesho yake mama anapanda kama malkia. Springi ndizo zingemuumiza."

Mtu anataka gari la kuringia mtaani, kwa dakika moja ameligeuza kuwa dawa ya mama yake.

"Wewe? Wewe ambaye sahani yako inakauka mezani mpaka nirudi kazini?"

"Dada, sahani na gari ni vitu viwili."

"Fundi, kama ni lazima, weka springi. Sentimita tatu nitaziziba kwa mto. Sitaki gari linaloendeshwa kwa ahadi."

Fundi akatutazama kwa zamu, akaona hapa hamna lake. "Mwenye gari aseme."

"Weka hizo anazotaka," mama akasema. "Mwanangu akisema atainua, atainua."

"Mama, si unamjua?"

"Namjua. Nilimtafuta miaka tisa."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuja mwenyewe."

Fundi akacheka, kisha akaniona uso, akajifanya anatafuta spana.

Jumapili ya kwanza mdogo wangu aliliinua. Alitumia saa tatu, akachubuka vidole, mama akasimama pembeni akimkinga jua kwa mwavuli kana kwamba ndiye aliyepasuliwa. Upande mmoja ukabaki juu kuliko mwingine. Kesho yake tulienda mazoezini tumeinama kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja. Kuhusu kupima magurudumu, alisema ni maneno ya mafundi ya kujitafutia kazi. Jioni ileile akalilaza tena.

Jumatano kichwa kilimuuma. Nikalala chini ya gari mwenyewe na sketi yangu ya ofisini, pete haikutikisika. Kumbe ina spana yake maalumu, na spana hiyo aliisahau kazini. Alhamisi nikampakia mama juu ya mito miwili, na kumshusha nikamnyanyua mzimamzima. Jumapili iliyofuata alikuwa na harusi ya rafiki yake. "Wiki hii tu, dada."

Jumatatu mama alikataa mito. Eti inamfanya aonekane mgonjwa. Akajitupa kitini, magoti yakamjia kifuani. Kila tuta gari lilikwaruza tumbo, na kila likikwaruza alisema, "Hata sijasikia kitu."

Tulipofika nikafungua mlango. Hakutoka.

"Ngoja kidogo. Kiti ni kizuri."

Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo. Aliushika mlango, akajivuta, akarudi chini. Nikainama nimkamate kama siku ile, mikono ikafika nusu ya njia, ikasimama. Nikatoa simu.

"Njoo umtoe mama garini."

"Dada, niko kazini."

"Na mama yuko garini."

Alifika baada ya dakika ishirini, juu ya pikipiki ya kukodi, midomo imeshajiandaa kugomba. Alipoinama na kupitisha mikono chini ya kwapa za mama, akamwona anauma ncha ya mtandio ili asipige kelele. Hakugomba. Alimtoa taratibu, akiwa amefumba macho yeye badala ya mama.

"Usijali, baba," mama akamwambia akihema. "Dada yako ana haraka zake tu."

Nikatia ufunguo katika mfuko wa shati lake. "Jumatatu na Alhamisi ni zako. Uliinue, ulilaze, shauri yako. Lakini utamshusha wewe."

"Na kazi yangu?"

"Kaombe ruhusa. Mimi niliomba."

Nilimsubiri mama apinge. Angalau aulize nani atamhesabia yale mazoezi, kumi na tano kila mguu, ambayo bila mimi huishia la sita. Akapitisha mkono wake katika mkono wa mwanawe, wakaanza kupanda ngazi. Mapokezi nilimsikia, sauti imechangamka kuliko wiki zote:

"Huyu ndiye mwanangu. Sasa ataileta yeye mwenyewe miguu hii."

Mtu wa mapokezi akampongeza. Nilitoka langoni kutafuta usafiri wa kwenda kazini, ambako hakuna aliyekuwa akinitarajia asubuhi ile.