Shahidi wa Yotham

Jumamosi asubuhi Yotham alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya mzee Methusela, Mvumi, amekumbatia picha iliyofungwa ndani ya mfuko wa salfeti. Alikuwa mfanyabiashara wa nafaka huko Majengo, mgane, tena mtu wa adabu: aliwaamkia wakubwa wote, akakalia kigoda kibovu bila kulalamika. Alikuja kupanga siku ya kumchukua mchumba wake, Loisi, binti wa Methusela. Na kwa kuwa maneno ya watu juu ya kifo cha mkewe wa kwanza yalikuwa yamefika Mvumi, alileta shahidi.

"Huyu hapa marehemu Emiliana," alisema, akaifungua picha. "Mtazameni wenyewe. Mwanamke anayeteswa hunawiri hivi?"

Kweli, alinawiri. Mchoraji alimpa mashavu ya kung'aa, hereni za dhahabu, kitenge cha maana, na tabasamu la mtu aliyetoka kushiba. Methusela aliguna kwa kuridhika. Alitaka sana kuridhika, mzee wa watu, kwa sababu ng'ombe wa mahari ya Yotham hawakukaa zizini mwake. Walipitilizwa Mpwapwa kumwolea Luka, kaka yake Loisi, na mke wa Luka alikwisha shika mimba.

Loisi alisimama mlangoni. Aliogopa. Alisikia, kama wote, kwamba Emiliana alianguka bafuni. Alisikia pia kwamba alikuwa na tabia ya kuanguka.

"Picha haisomwi kwa macho," alisema bibi yake, Zipora. "Ileteni jiweni."

Hakuna aliyeshangaa. Siku hizi unga husagwa mashineni, lakini jiwe la kusagia la Zipora lilibaki uani kwa ajili ya nyimbo. Ni nyimbo za kale mno. Nusu ya maneno yake hata yeye hajui maana. Akipiga magoti pale akaimba, picha yoyote iliyo mbele yake hueleza kilichomo. Ng'ombe wa kwenye kalenda ya duka la dawa za mifugo alilala chini akafa. Katika picha ya harusi ya mjomba wao, bwana harusi alitoka nje ya fremu, akabaki bibi harusi na keki. Na kweli mjomba alikuwa na familia nyingine Manyoni. Picha bado ipo ukutani hivyo hivyo.

Jiwe lina sheria yake, ya kale kama nyimbo. Mwanamke aliye jiweni huimba atakalo, amseme mume, mama mkwe, hata mtemi, na hakatizwi wala hapigwi. Kwa upande wa pili, alichoimba hakijibiwi, wala hakipelekwi mbele ya wazee. Wanawake wa zamani walikubali, au ndivyo wanaume wanavyosimulia.

Zipora alipiga magoti, akamimina uwele kiasi cha kiganja, akaanza:

*Mnausifu unga kwa ulaini wake,*
*nani aliiuliza punje, ee mama,*
*ilipolala chini ya jiwe?*

Alirudia na kurudia. Yotham alipangusa vumbi kiatuni. Emiliana kwanza aliacha kutabasamu. Kisha akavua hereni, maana hazikuwa zake, mchoraji alizibuni tu. Halafu akageuka taratibu, akashusha kitenge, akawaonyesha mgongo.

Walitazama. Palikuwa na alama za mkanda, mpya juu ya kuukuu, na kisogoni palikuwa na alama ya kitu ambacho si sakafu. Kuku alikuja akadonoa uwele.

"Baba," Loisi alisema. "Baba, umeona?"

"Nimeona, mwanangu." Machozi yalimlengalenga Methusela, naye hakuyaficha. "Lakini ya jiweni hayajibiwi. Nikimkataa mkwe kwa sababu ya wimbo, nitawaambia nini wazee? Na mke wa Luka nimrudishe kwao na mimba yake?"

"Mimi sina kinyongo na bibi," alisema Yotham kwa heshima. "Mila ni mila."

"Bibi, sema basi!"

"Nimeshasema, mjukuu wangu." Zipora alikuwa bado amepiga magoti. "Nikiinuka hapa, mimi ni kikongwe tu wa nyumba hii."

Loisi alilia kwa hasira, akamwita baba yake mwoga mbele ya mgeni. Hakuna aliyemkemea. Siku ikapangwa, baada ya mavuno. Yotham akaifunga picha, mgongo na yote, akaenda kuitundika sebuleni kwake, ambako wageni huusifu urembo wa kitenge.

Baada ya harusi alimwita mchoraji yule yule, Nikodemo, kwa kuwa alipenda wake zake wachorwe mapema. Nikodemo alimkalisha Loisi karibu na dirisha, akamwomba atabasamu.

Loisi aligeuza kiti, akaukabili ukuta, akashusha kitenge.

"Anza na mgongo," alisema. "Umpunguzie bibi yangu kazi."

Nikodemo aliukagua, akaona bado hauna alama.

"Basi nitaacha nafasi," alisema, akaanza kuchanganya rangi.